Tipu Inacheza, Inameguka, Inalia: Utatuzi wa Matatizo ya Kufunga Tipu kwenye Holda za Lethi

Kabla hujaitupa tipu iliyovunjika (kile kipande cha kabaidi, metali ngumu sana, kinachokata chuma kwenye lethi, mashine ya kukereza), igeuze utazame mgongo wake. Mara nyingi utaona doa dogo linalong'aa upande mmoja, na kwingine kote rangi ya kiwandani haijaguswa. Palipong'aa ndipo tipu ilipokuwa imekalia. Sehemu iliyobaki ilikuwa juu ya hewa. Kabaidi inavumilia sana kubanwa lakini haivumilii kukunjwa, na tipu isiyokaa sawasawa hukunjwa kidogo kila kazi, yaani chuma kinachokatwa, inapozunguka. Ndiyo maana malalamiko mengi ya "tipu feki" au "gredi mbaya" chanzo chake ni kiti cha holda (mahali tipu inapokalia kwenye shina linaloishika), na kiti hukaguliwa kwa dakika tano bila kununua chochote.

Mwongozo huu unafuata dalili. Chini ya kila dalili, sababu zinaanza na ile inayotokea mara nyingi zaidi. Usiruke hatua: ukaguzi mwepesi uliotajwa kwanza ndio unaotatua kesi nyingi.

Kabla ya kuigusa holda

Zima mashine kwenye swichi kuu. Kuirudisha leva katikati hakutoshi, kwa sababu mkono ukiwa kwenye holda kiwiko huwa karibu sana na leva ya spindo (mhimili unaozungusha kazi). Vaa miwani, kabaidi ikimeguka hurusha vipande vikali kama vya kioo. Glavu zinafaa kukusanyia vinyoleo mashine ikiwa imesimama, lakini zivuliwe kabla ya kuiwasha. Tipu iliyotoka kukata iache ipoe yenyewe.

Vifaa unavyohitaji: burashi ndogo, kitambaa kisichoacha manyoya, lenzi ya kukuzia, fila geji yenye jani la 0.03 mm (ukikosa, karatasi ya sigara), rula nyembamba ya chuma, maka peni, bisibisi ya nyota ya saizi halisi na alenkii ambayo pembe zake hazijaliwa.

Soma kwanza maandishi ya holda

Kesi nyingi huishia hapa, hasa pale tipu zinaponunuliwa moja moja bila boksi. Chukua holda iliyoandikwa PCLNR 2020K12. Herufi ya kwanza inaeleza jinsi tipu inavyobanwa: P ni kwa leva inayoivuta kupitia tundu lake, S ni kwa skrubu, M ni kwa pini pamoja na klampu ya juu. C ya pili ni umbo la tipu, yaani msambamba wa nyuzi 80. L ni pembe ya makali kwa kazi, nyuzi 95. N ina maana tipu yenyewe haina mwinamo wa ubavu, kwa hiyo holda ndiyo inayoiinamisha. R ni holda ya kulia. 20 na 20 ni kimo na upana wa shina kwa milimita, K ni urefu wa mm 125, na 12 ni saizi ya tipu. Holda hiyo inapokea CNMG 1204, iwe 120404, 120408 au 120412. Tarakimu mbili za mwisho ni radiusi ya ncha, 0.4, 0.8 au 1.2 mm, nazo haziathiri ukaaji kwenye kiti.

Tarakimu za katikati ndizo zinazowaponza watu. 04 maana yake unene wa 4.76 mm, na 06 ni 6.35 mm. DNMG 150408 na DNMG 150608 ukiziweka mezani zikiwa zimelala zinafanana kama pacha: umbo moja, tundu moja. Ukifunga ya 1504 kwenye holda yenye shimu (kipande kinachokaa chini ya tipu) ya 1506, ncha inakaa chini kwa takriban 1.6 mm, leva au klampu inashika vibaya, na fundi anaanza kulaumu posti (kile kinachoibana holda kwenye mashine). Pima unene kwa kalipa kabla ya kufunga. Ni jambo la sekunde kumi.

Kosa jingine ni kuchanganya N na C katika herufi ya pili ya jina la tipu, ile ya mwinamo wa ubavu. CNMG ubavu wake uko wima. CCMT una mwinamo wa nyuzi 7. Holda ya SCLCR haikutengenezwa kwa CNMG, na kukata ukuta wa kiti kwa grainda ili iingie ni kuua holda na tipu pamoja.

Dalili ya 1: Tipu inacheza ingawa imekazwa

Bonyeza kila pembe ya tipu kwa kijiti cha shaba au cha mti mgumu. Ikibofyeka au ikitoa mlio mdogo wa "tik", iko huru.

*Uchafu kwenye kiti.* Hii ndiyo sababu inayoongoza kwa mbali. Fungua tipu, ondoa kila kitu mpaka uone chuma cha holda. Safisha sakafu ya kiti, kuta mbili zinazopokea tipu, na hasa kona zinapokutana. Kinyoleo chembamba kama unywele kikilala chini ya upande wa nyuma kinatosha kuinyanyua tipu. Tumia burashi na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Upepo wa kompresa unasukuma vinyoleo ndani ya hesi za skrubu na machoni mwa aliye karibu, kwa hiyo ukilazimika kuutumia, elekeza pua ya hewa kando na watu, iwe ya mwisho baada ya burashi.

*Tipu imegeuzwa ikiwa na donge upande wa juu.* CNMG ina ncha nne za kazi, mbili kila upande. WNMG na TNMG zina sita. Ukiigeuza, upande uliokuwa ukikata unakuwa ndio wa kukalia. Chuma kilichogandia juu ya makali, au ukingo uliomeguka ukaacha kipande kimechomoza, kinakuwa kokoto chini ya tipu. Angalia kwa lenzi. Donge la chuma laini hutoka kwa kusuguliwa na kipande cha shaba. Kama ncha ilivunjika vibaya hadi sehemu ya kukalia imeondoka, pembe za upande wa pili hazitakaa tena. Itoe tipu hiyo kwenye matumizi.

*Shimu imemeguka au imelegea.* Shimu ni kile kipande cha kabaidi kilichoko kati ya tipu na holda. Tipu ikivunjika kwa kishindo, shimu huumia nayo, na mara nyingi haiangaliwi. Iangalie chini ya ile ncha inayokata: ikiwa kona imekatika hata 1 mm, ibadilishe. Ikiwa imekatika upande wa pembe moja tu, nyingi zinaweza kuzungushwa ili kona nzima ije mbele. Hiyo ni dawa ya kumaliza kazi ya leo, huku ukitafuta shimu mpya. Kamwe usifanye kazi bila shimu "kwa muda". Tipu inashuka kwa unene wote wa shimu, na kinyoleo kinachopita sasa kinaigonga holda yenyewe, ambayo ni laini kuliko kabaidi.

*Kifungo hakivuti.* Hapa inategemea aina ya holda.

Kwenye holda za S, tundu la skrubu ndani ya kiti limewekwa kando kidogo ya katikati, kuelekea kuta. Skrubu ikikazwa, kichwa chake chenye umbo la koni kinaisukuma tipu ikalie kuta zote mbili. Ukiweka skrubu nyembamba kuliko inayotakiwa, au yenye kichwa cha umbo jingine, mvuto huo haupo. Jaribu hivi: kaza skrubu taratibu huku ukitazama pengo kati ya tipu na ukuta. Lazima uone tipu ikisogea na pengo likifunga.

Kwenye holda za P, leva yenye umbo la L imekaa ndani ya holda na pua yake imeingia kwenye tundu la tipu. Kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza, skrubu imetolewa yote wakati wa kubadilisha tipu, leva ikaanguka kutoka kwenye mfuo wake, ikarudishwa kinyume. Kubadilisha tipu kunahitaji kulegeza mizunguko michache tu, mpaka tipu inyanyuke. Skrubu ibaki ndani. La pili, kile kibomba cha bati kinachoshika shimu kimepanda juu. Kikichomoza hata kwa unene wa karatasi, tipu inakalia kibomba badala ya shimu. Kipige kirudi chini kwa panchi ya saizi yake, kwa nyundo ndogo, kabla ya kuweka tipu.

Kwenye holda za M, mpangilio wa kukaza ndio mzizi wa tatizo. Pini kwanza, ikazwe mpaka mwisho, klampu baadaye. Ukianza na klampu, tipu inabanwa ikiwa mbali na mahali pake na pini haiwezi kuirekebisha tena. Angalia pia kidole cha klampu: kimelika? Kinyoleo kimenasa nyuma yake? Klampu inayogusa mwili wa holda kabla ya kugusa tipu itakazwa mpaka skrubu ikatike, na tipu itabaki inacheza.

*Kiti kimebonyea.* Hii ni ya mwisho kuifikiria, lakini ipo. Paka sakafu ya kiti maka peni, weka shimu (au tipu, kama holda haina shimu), isugue mbele na nyuma mara chache, kisha itoe. Palipofutika ndipo inapogusa. Ukiona imegusa pande tu na katikati pamebaki na rangi, au mbele kwenye ncha hapajafutika kabisa, sakafu imezama. Thibitisha: funga tipu kama kawaida, jaribu kupitisha jani la 0.03 mm chini yake na kwenye kuta. Lisiingie. Ile kona ya ndani kuta zinapokutana huachwa wazi makusudi, usiihesabu.

Simama hapa. Kiti kilichozama au chenye ufa hakirekebishwi kwa faili wala kwa kujaza weldingi na kusaga kwa jicho. Holda ya tipu za N inaishika tipu ikiwa imeinama kuelekea mbele na pembeni kwa nyuzi chache, na mwinamo huo ndio unaoupa ubavu nafasi ya kutosugua. Kuurudisha kunahitaji mashine ya milling na mtu anayejua kuziweka pembe mbili kwa pamoja. Kwa holda ya 2020 ya kawaida, kununua nyingine huwa nafuu. Na holda iliyotengenezwa nyumbani yenye kiti bapa kwa ajili ya CNMG haitakata vizuri hata tipu ikiwa mpya kabisa. Ubavu wake unasugua tu.

Dalili ya 2: Tipu inapasuka kupitia tundu

Ufa unaotoka kwenye tundu kwenda ukingoni, hasa ukitokea wakati wa kukaza au dakika za kwanza za kukata, kwa kawaida unatokana na skrubu.

Tipu za CCMT, DCMT na TCMT zina tundu lenye koni ya nyuzi 40 hadi 60. Skrubu ya kawaida ya dukani yenye kichwa bapa ina koni ya nyuzi 90. Ukiiweka, inagusa ukingo wa juu wa tundu peke yake, na ukiikaza inafanya kazi ya kabari ya kupasulia kuni. Ishike skrubu ya zamani kando ya mpya dhidi ya mwanga, ulinganishe mteremko wa vichwa. Tofauti unaiona kwa macho.

Saizi nayo: CCMT 0602 kwa kawaida hutumia M2.5, CCMT 09T3 na DCMT 11T3 mara nyingi M3.5 yenye nyota ya T15, ingawa kuna holda zenye M4. M3.5 ina hatua ya hesi ya 0.6 mm, M4 ina 0.7 mm. Skrubu inayogoma baada ya mizunguko miwili kwa vidole si ya hapo, usiilazimishe.

Sababu ya pili ni kukaza kupita kiasi. M2.5 inahitaji takriban 1 Nm, M3.5 takriban 3 Nm. Kama holda au boksi lake lina namba yake, fuata hiyo. Bila spana ya torki, 3 Nm ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 3 kwenye mpini wa sentimita 10. Ndiyo sababu ufunguo unaokuja na holda ni mdogo: umepimwa kwa vidole. Ukiurefusha kwa bomba umeshavuka kiwango. Weka tone dogo la grisi ya shaba kwenye hesi na chini ya kichwa, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Skrubu kavu inakupa hisia ya kukaza kumbe nguvu yote inaishia kwenye msuguano.

Ukiona ufa na skrubu ni sahihi, rudi kwenye dalili ya 1: kuna kitu chini ya tipu.

Dalili ya 3: Ncha inameguka mapema

Tipu iko imara, kuta zinagusa, lakini ncha haimalizi hata kazi mbili.

Anza na urefu wa holda nje ya posti. Shina la 20 mm lisitoke zaidi ya 20 hadi 30 mm. Watu huitoa 60 mm ili kuifikia kona, kisha wanaisahau hivyo hivyo kwa kazi zote za baadaye. Hakikisha boliti za posti zinazoishika holda si chini ya mbili na zimekazwa sawasawa.

Vipande vya kunyanyulia chini ya holda viwe virefu kama holda yenyewe ndani ya posti. Kipande kifupi kilichowekwa nyuma kinafanya holda iiname mbele chini ya mzigo. Misumeno ya chuma iliyochakaa hutumika sana kwa kazi hii na inafaa, mradi meno yake yamesagwa na rangi imekwanguliwa. Meno yaliyopinda kushoto na kulia yanafanya springi.

Halafu maji. Kumwagia tipu maji kwa chupa mara moja moja, pale inapoonekana kuwa nyekundu, ni njia ya uhakika ya kuiua. Kabaidi yenye joto ikipozwa ghafla inapata nyufa ndogo zilizosimama wima kwenye makali, mithili ya meno ya kitana, kisha vipande vinaanza kutoka kati ya nyufa. Ama kulanti (maji ya kupozea) itiririke bila kukatika tangu kabla ncha haijagusa kazi, ama ukate kavu mwanzo hadi mwisho.

Sababu nyingine inayojirudia ni kuisimamisha spindo ncha ikiwa bado ndani ya mkato. Rudisha holda nyuma kwanza, ndipo uzime.

Mwisho, fikiria kama umbo lenyewe linaifaa mashine. Tipu za N zinahitaji nguvu na uzito. Kwenye lethi ndogo ya mezani, CCMT au DCMT kwenye holda ya skrubu itakata kwa utulivu mahali ambapo CNMG inasukuma tu na kuvunjika. Na kwa chuma kilichokatwa kwa gesi, chenye ganda gumu na kingo zilizovunjikavunjika, DNMG ya nyuzi 55 si ya kuanzia. Toa ganda kwa CNMG au WNMG yenye radiusi ya 0.8, kisha ndipo ulete ile nyembamba.

Dalili ya 4: Mlio mkali na mawimbi kwenye uso wa kazi

Angalia ukaaji wa tipu (dalili ya 1) na urefu wa holda (dalili ya 3) kabla ya kingine chochote. Vikiwa sawa, tatizo mara nyingi ni uhusiano wa radiusi ya ncha na kina cha mkato. Ukikata 0.2 mm kwa ncha ya 0.8, ni mviringo wa ncha tu unaogusa, nao unaisukuma kazi kando badala ya kuikata. Kina kiwe angalau theluthi mbili ya radiusi: kwa 0.8 ni takriban 0.5 mm, kwa 0.4 ni takriban 0.3 mm. Shafti ndefu na nyembamba inapenda ncha ya 0.4, na isaidiwe na senta ya nyuma (ncha inayoishika kazi kwa upande wa pili).

Uso wenye mistari bila mlio ni jambo tofauti. Hapo fidi (mwendo wa tipu kwa kila mzunguko wa kazi) ni kubwa. Kwa nadharia kimo cha mistari ni fidi mara fidi, gawanya kwa radiusi mara nane. Fidi ya 0.2 mm kwa mzunguko na ncha ya 0.8 inatoa takriban mikroni 6. Ncha ya 0.4 kwa fidi ileile inatoa mikroni 12 na nusu. Uso wenye magamba yaliyoraruka kwenye chuma laini unaashiria kasi ndogo: chuma kinagandia kwenye makali. Kazi ya kipenyo cha 50 mm kwa mita 150 kwa dakika inahitaji karibu mizunguko 955 kwa dakika. Tipu zenye rangi ya dhahabu au nyeusi zilitengenezwa kwa kasi za namna hiyo, mradi chaki (kinachoibana kazi kwenye spindo) na kazi viko imara na vimesawazishwa.

Kwa boringi (kupanua tundu kwa ndani), shina la chuma lisitoke zaidi ya mara nne ya kipenyo chake. Hakikisha pia kisigino cha tipu hakigusi ukuta wa tundu. Paka maka peni chini ya makali, kata kidogo, uone kama rangi imefutika.

Simama hapa ikiwa mlio unabaki kwenye kila kazi na kila holda. Weka dayo geji (saa ya kupimia mhamo mdogo) kwenye chaki, nyanyua kwa mti kwa nguvu za mkono, uone kama sindano inahama na kurudi. Beringi za spindo zilizolegea ni kazi ya fundi wa mashine. Kuzikaza bila kujua kiwango chake kunazichoma.

Dalili ya 5: Kinundu kinabaki katikati wakati wa kufesi (kusawazisha uso wa mwisho wa kazi)

Ncha haiko kwenye usawa wa senta. Kipenyo cha kinundu ni mara mbili ya kosa: kinundu cha 1 mm kinasema uko nje kwa 0.5 mm. Kama uko juu au chini, rula itakuambia. Spindo ikiwa imesimama, ishike rula nyembamba wima kati ya ncha na fimbo ya duara iliyofungwa kwenye chaki, sogeza ncha mpaka iishike rula kwa ulaini tu. Ukiminya, utamega makali. Rula ikisimama wima, uko sawa. Kichwa chake kikiinama kuja kwako, ncha iko chini. Kikiinama kuelekea upande wa pili, ncha iko juu. Kwa kazi za kawaida lenga ndani ya 0.1 mm.

Wengi hulinganisha na ncha ya senta ya nyuma. Njia hiyo ni nzuri kwenye mashine mpya. Kwenye lethi iliyofanya kazi miaka mingi, senta ya nyuma mara nyingi imeshuka kwa sababu njia inayotelezea imelika, kwa hiyo unapata usawa wa uongo.

Kama usawa ulikuwa mzuri jana na leo umehama bila posti kuguswa, angalia unene wa tipu na uwepo wa shimu. Na usijaribu kuinua nyuma ya holda ya N ili uso wa tipu ulale bapa. Kule kuinama kwake si kasoro.

Dalili ya 6: Kipimo kinahama kila ukigeuza ncha

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Herufi ya tatu ya jina la tipu ni ustahimilivu wa vipimo. M, kwa tipu yenye duara la ndani (lile linaloenea kamili ndani ya umbo lake) la 12.7 mm kama CNMG 1204, inaruhusu mahali pa ncha kutofautiana kwa ±0.13 mm, kwa duara la 9.525 mm ni ±0.08 mm. G, kama kwenye CCGT, ni ±0.025 mm. Hivyo baada ya kugeuza, kata kidogo, pima, rekebisha, ndipo uende kwenye kipimo cha mwisho. Ukiona mhamo mkubwa kuliko hapo, au ncha ileile inarudi mahali tofauti kila ukiifungua na kuifunga, hiyo ni dalili ya 1 imejificha.

Weka alama ya maka peni kwenye ncha iliyokwisha. Tipu yenye ncha sita bila alama hurudishwa kwenye ncha mbovu, na muda wa kutafuta "tatizo" unaanza upya.

Dalili ya 7: Skrubu haifunguki au nyota imelika

Toa kwanza uchafu ndani ya nyota kwa sindano. Bisibisi isiyofika chini ndiyo inayoila. T15 ikae T15: T10 itaingia, itazunguka, na kuimaliza. Weka mafuta ya kupenyeza, subiri robo saa. Gonga mpini wa bisibisi kwa nyundo ndogo mara mbili tatu, kisha jaribu kukaza kidogo sana kabla ya kulegeza, huku ukibonyeza chini kwa uzito wa bega.

Isipokubali na nyota imekwisha, kichwa kinaweza kutobolewa kwa biti ya kabaidi yenye upana wa shina la skrubu mpaka kichwa kitoke. Tipu itanyanyuka, na kisiki kinachobaki mara nyingi hugeuka kwa plaizi kwa sababu hakibanwi tena. Skrubu hizi zimetiwa ugumu, biti ya kawaida haitazigusa. Kazi hii ifanyike holda ikiwa imebanwa kwenye mashine ya kutobolea, si kwa drili ya mkononi.

Usipashe holda moto wa gesi. Ugumu wa kiti unaondoka, na tangu hapo kitaanza kubonyea.

Simama hapa kisiki kikiwa kimevunjikia ndani ya hesi, chini ya sakafu ya kiti. Kukichokoa kwa panchi kunakwaruza palepale tipu inapokalia. Mpelekee mwenye mashine ya kuchoma chuma kwa cheche za umeme, au ulinganishe gharama yake na ya holda mpya. Na tipu yenyewe usiisage kwenye jiwe kavu ili "iingie": vumbi la kabaidi lina kobalti, ambayo huumiza mapafu, na kitambaa cha usoni hakilizuii.